Mkunga Aliyekanyaga Kinyumenyume

Watu wa Combe-Noire walizoea kumtambua Benoîte Faverjon kwa miguu kabla ya uso. Kutoka kwenye madirisha yao marefu, yaliyojengwa hivyo ili mitambo ya kufumia utepe ipate mwanga, waliona kwanza kofia nyeusi ikichomoza kwenye kona ya chini, kisha mkoba wa ngozi uliofungwa mbele ya usukani, kisha miguu. Na miguu ile ilikwenda kinyume. Badala ya kusukuma pedali mbele kama binadamu wengine, Benoîte alizirudisha nyuma, kama mtu aliyeghairi safari, na huku baiskeli inapanda mlima taratibu, kana kwamba haina habari na anachofanya yule aliyeikalia.

"Mama Faverjon!" alimwita Pétrus mchonga mawe, utani uleule kila siku. "Umesahau nini nyumbani mbona unarudi?"

"Mama yako aliniomba nikuache humohumo tumboni," Benoîte alimjibu bila kupunguza mwendo. "Nikakataa. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kazi hii."

Wachonga mawe wengine walicheka mpaka wakaweka nyundo chini, na yeye akapotea kwenye kona ya juu.

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alizaliwa chini kule mjini Saint-Étienne, katika moshi wa migodi na viwanda vya bunduki, binti wa mchonga tupa. Alisomea ukunga Lyon, akaolewa na mchimba makaa ya mawe aitwaye Barthélemy, na miaka miwili baadaye gesi ya mgodini ikamfanya mjane. Hawakuwa wamepata mtoto. Baraza la Combe-Noire lilipotangaza kwamba linatafuta mkunga wa kulipwa na kijiji, wakunga wa mjini waliiangalia ile barabara inayopanda mlimani kama ngazi, wakasema ahsante. Benoîte alipanda na masanduku yake mawili. Hiyo ilikuwa miaka ishirini na minne iliyopita. Tangu hapo karibu kila mtu wa Combe-Noire aliye chini ya umri huo ameguswa kwanza na mikono yake.

Nyumba yake haikuwa kijijini penyewe. Ilikuwa chini penye msalaba wa njia panda, kwa sababu kazi yake ilihusu pia mashamba ya bondeni. Kutoka msalabani hadi nyumba ya kwanza ya Combe-Noire, kwa miguu, ni saa moja na dakika kumi. Alijua hesabu hiyo vizuri kuliko umri wake. Aliijua tangu siku alipoitwa kwa Jeanne Vialleton, kwenye theluji ya mwezi wa pili, akapanda mbio mpaka akatapika kandoni mwa barabara, akafika akamkuta Jeanne mweupe kama shuka aliyolalia, na shuka yenyewe si nyeupe tena. Damu ile ingezuilika. Alihitaji dakika ishirini tu. Hakuna aliyemlaumu. Mume wa Jeanne hata alimpa supu ya moto kabla ya kushuka, na supu hiyo ndiyo iliyomuumiza kuliko lawama.

Baada ya Jeanne alinunua nyumbu. Nyumbu alipokufa kwa uzee, nyonga ya Benoîte nayo ilikuwa imeanza kusaga kama kinu kibovu. Ndipo alipokwenda mjini kwa Gaspard Brunon.

Gaspard alikuwa ametoboa mitutu ya bunduki miaka thelathini, kisha akaacha, akafungua karakana katika uchochoro nyuma ya kanisa, akaanza kuunda baiskeli ambazo hakuna aliyemwagiza. Zilining'inia darini kama nyama buchani. Kulikuwa na moja ya gurudumu la mbele lenye kimo cha mtu mzima, ambayo mwenyewe alianguka nayo mara tatu akavunjika mkono mara mbili. Moja ilikuwa na kiti cha kamba zilizosukwa kama kitanda cha bembea. Nyingine ilikuwa ya watu wawili waliopeana migongo, aliyoiuza kwa maharusi fulani, wakairudisha kabla wiki haijaisha, kila mmoja amekuja kwa njia yake.

"Nataka kupanda mlima," Benoîte alimwambia. "Nina nyonga mbovu, nina mkoba wa kilo tisa, na sitaki kuvunjika mkono. Mikono ndiyo inayonilisha."

Gaspard alimtazama nyonga, akatazama dari, akashusha baiskeli ya kawaida kabisa ila kwa mnyororo wake. Mnyororo ulikuwa mrefu mno. Ulizunguka vigurudumu viwili vya meno kwenye gurudumu la nyuma, kidogo na kikubwa, ukijipinda katikati kama nambari nane.

"Kwenye tambarare kanyaga mbele, uende mbio," alisema. "Ukifika mlimani, kanyaga nyuma. Inakuwa nyepesi kama kusokota uzi. Gurudumu haliulizi miguu yako imeelekea wapi, lenyewe linajua mbele tu. Nimeunda kumi na moja hizi."

"Umeuza ngapi?"

"Hii utakayonunua."

Siku ya kwanza alipanda kutoka msalabani hadi Combe-Noire kwa dakika thelathini na nane. Mwisho wa mwezi zilikuwa thelathini na tano. Tena kukanyaga nyuma hakukuiudhi nyonga yake, jambo ambalo hata Gaspard hakulitegemea.

Tatizo halikuwa mlima. Tatizo lilikuwa mwiko.

Combe-Noire ni kijiji cha wafuma utepe. Kila nyumba ina mtambo mmoja au miwili, na kutwa nzima kijiji kinalia taka-taka, taka-taka, kama meno yanayogongana kwa baridi. Uzi ukikatika, mfumaji hurudisha mtambo nyuma kidogo, anaunga uzi, anaendelea. Lakini nyumba ikiwa na mwanamke mwenye mimba, mtambo haurudishwi nyuma hata unywele mmoja. Uzi ukikatika, utepe wote uliokwisha kufumwa unakatwa, kazi inaanzwa upya. Wanaume wanasonya, wanahesabu mita zinazotupwa, lakini wanakata. Kitu kikigeuzwa nyuma karibu na mimba, wanasema, mtoto naye anageuka, anakuja kwa miguu. Huyo ni kigego, mtoto wa mkosi, na mama yake ana bahati akiwa hai.

Benoîte aliujua mwiko huo tangu zamani na hakuwahi kuujali. Haukumhusu, ulikuwa wa mitambo. Hakufikiria hata mara moja, alipokuwa akinunua ile baiskeli, kwamba kuna macho yatakayotazama miguu yake yakaona mtambo.

Majira ya kupukutika majani, Mélanie Granjon alijifungua mtoto aliyetanguliza miguu. Benoîte alimtoa salama, mvulana mnene mwenye hasira, na mama yake siku ya tatu alikuwa anakula viazi na jibini. Lakini mama wa kijiji kizima, Bibi Sidonie Chapuis, mwanamke mkavu wa miaka sabini aliyefuma utepe tangu akiwa na miaka tisa, alisimama kisimani, ndoo mkononi, akasema kile ambacho wengine walikuwa wanakizungusha mdomoni.

"Anakuja kwetu kinyumenyume, kila siku ya Mungu. Anapita chini ya madirisha ya wajawazito na miguu inarudi nyuma. Mlitaka mtoto aje na nini, kofia?"

"Lakini Mama Sidonie, mtoto ni mzima," alisema mmoja.

"Huyo wa kwanza ni mzima. Ngojeni wa pili."

Mlango mmoja ulifungwa, kisha mwingine. Wanawake wawili waliokuwa wamebakiza wiki chache walituma watu bondeni, kwa mkunga kijana mwenye kigari cha farasi, ambaye alichukua saa mbili kufika na mara moja alifika mtoto ameshavishwa. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja Meya, Fleury Teyssier, mfumaji mpole aliyechukia ugomvi kuliko kodi, alishuka mwenyewe mpaka nyumbani kwa Benoîte.

"Mama Faverjon, baraza litakaa Jumapili ya pili baada ya Krismasi," alisema, huku akizungusha kofia mikononi. "Kuna wanaotaka kazi yako apewe yule wa bondeni. Mimi sitaki. Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo tu. Baiskeli uiache hapa msalabani. Panda kwa miguu, kama zamani."

"Kama zamani," alisema Benoîte.

"Ndiyo. Basi yameisha."

"Zamani nilimkuta Jeanne Vialleton ameshapoa, Fleury. Ulibeba jeneza wewe, upande wa kushoto. Unakumbuka?"

Meya alikumbuka. Kofia iliacha kuzunguka.

"Saa moja na dakika kumi," Benoîte alisema. "Na hiyo ni nyonga ilipokuwa nzima. Kawaambie nitapanda kwa baiskeli, na nitakanyaga nyuma, kwa sababu ndivyo inavyopanda. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze mimi na baiskeli yangu pamoja. Hatuachani."

"Kichwa kigumu hicho!"

"Kimevunja vingine, chenyewe bado hakijavunjika."

Alipofunga mlango alikaa kwenye benchi muda mrefu. Hakuwa na watoto, hakuwa na shamba, na hiyo nyumba ya msalabani ilikuwa ya baraza. Akipoteza kazi atarudi mjini, kwenye chumba cha dada yake, kuuza mboga au kufua nguo za wageni. Alilijua hilo. Asubuhi iliyofuata alipaka mnyororo mafuta, akapanda kama kawaida kwenda kumtazama kichanga wa Mélanie, na alipopita kisimani alipiga kengele mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

Wiki moja kabla ya Krismasi alikutwa na Rosalie kwenye sehemu ya kufulia. Rosalie alikuwa mkwe wa Sidonie, mke wa mwanawe Marcellin, miaka ishirini na mbili, mimba ya kwanza, miezi minane. Alikuwa amengoja mpaka wafuaji wengine waondoke.

"Mama Faverjon, njoo unitazame. Yule wa bondeni ameweka sikio tumboni akasema mambo yako sawa. Lakini napigwa teke chini. Huku chini kabisa! Na hapa juu kuna kitu kigumu kama kibuyu."

Benoîte aliweka mkono juu ya shali yake, palepale penye baridi na mapovu ya sabuni. Hakuhitaji muda mrefu.

"Amekaa," alisema. "Kichwa kiko juu."

Rosalie alisema kwa haraka, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria usiku kucha, "Basi njoo na ile baiskeli yako. Njoo nayo mpaka mlangoni, ukanyage nyuma njia nzima, usiruke hata hatua. Kama ndiyo iliyomgeuza wa Mélanie, si itamgeuza na wangu? Kilichopinda ukikipinda tena kinanyooka."

"Nitakuja nayo kwa sababu sina namna nyingine ya kupanda. Atakayemgeuza mwanao ni mimi, kwa hii." Alimwonyesha mikono, myekundu kwa baridi.

"Vyovyote," alisema Rosalie. "Lakini usikanyage mbele."

Alikwenda kesho yake. Sidonie alikuwa amekaa sebuleni kama askari wa lango, amekunja mikono. Hakumfukuza. Aliyekuwa tumboni alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na hofu ilikuwa imemlegeza zaidi ya alivyotaka.

"Nitabaki humu ndani," alisema. "Nitaona kila kitu."

"Baki, bibi. Nipashie mafuta, utakuwa umefanya la maana."

Rosalie alilala chali, mto chini ya nyonga. Benoîte aliosha mikono kwa maji ya moto mpaka ikawa ya moto yenyewe, akaipaka mafuta. Kwa kiganja kimoja alikitafuta kichwa cha mtoto, chini kidogo ya mbavu, na kwa kingine makalio. Kisha akaanza kusukuma, kichwa upande huu, makalio upande ule, polepole, kama mtu anayegeuza paka aliyelala bila kutaka kumwamsha. Mtambo wa Marcellin chumba cha pili ulinyamaza. Siku ile ya kwanza mtoto alisogea robo ya njia, akarudi. Siku ya pili alisogea nusu, akarudi. Benoîte hakulazimisha. Siku ya tatu, Sidonie akiwa ameshika taa karibu ingawa ilikuwa mchana, uvimbe mkubwa ulipita chini ya ngozi ya tumbo, kama mtu anayejigeuza ndani ya blanketi, na Rosalie akapiga kelele, si ya maumivu, ya mshangao.

"Mama wee! Amepita! Amepita hapa!"

Benoîte alimfunga tumbo kwa utepe mpana wa mpira, wa kufumwa palepale kijijini, akaweka taulo zilizokunjwa kila upande ili mtoto asirudi alikotoka. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

"Umeona, bibi?" alimwuliza Sidonie.

"Nimeona," alisema Sidonie, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo Benoîte hakuwahi kuisikia. "Siku tatu umepanda kinyumenyume, na siku ya tatu amegeuka. Ile baiskeli ina nguvu."

Benoîte aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Habari ilishuka na kupanda mlima kabla ya Krismasi. Wanawake waliokuwa wanamkwepa sasa walimsimamisha barabarani. Mmoja alimwomba aizunguke nyumba yake mara tatu, kinyumenyume, kwa ajili ya dada yake aliyeko kijiji cha pili. Mwingine alitaka kugusa mnyororo. Pétrus mchonga mawe aliuliza kama ile baiskeli inaweza kugeuza pia mke mwenye kisirani.

"Ingeweza," alisema Benoîte, "tatizo hakuna mke aliyekubali kuwa wako tukamjaribu."

Lakini hakucheka.

Jumapili ya baraza, chumba cha shule kilijaa kuliko kanisa lilivyojaa asubuhi. Meya Teyssier alikuwa ameng'ara kama mtu aliyeota jambo likawa. Alisimama, akakohoa, akasema suluhisho limepatikana, tena wenyewe akina mama ndio waliolileta. Mama Faverjon atabaki na kazi yake. Mtoto akiwa amekaa sawa, ataiacha baiskeli msalabani na kupanda kwa miguu, asije akamgeuza. Mtoto akiwa amekaa vibaya, atapanda na baiskeli, amgeuze. Hakuna aliyeshindwa, kila mtu amepata. Wajumbe walianza kupiga makofi.

Benoîte alisimama. Alikuwa ameileta baiskeli mpaka ndani, imeegemea ubao wa kuandikia, na matope ya barabara yalikuwa yanadondoka sakafuni mwa mwalimu.

"Hapana," alisema.

Makofi yalikatika moja moja.

"Hapana nini, Mama Faverjon?" aliuliza Meya. "Tumekupa kazi yako!"

"Mmenipa uganga. Mimi nilisomea ukunga. Fleury, njoo hapa. Shika huu usukani, uirudishe nyuma."

"Niirudishe nini?"

"Baiskeli. Isukume irudi nyuma, hatua mbili tu."

Meya alishika, akasukuma. Baiskeli ilikwenda nusu shibiri, mnyororo ukakaza, ikagoma. Alisukuma tena, kwa bega. Gurudumu la nyuma liliburuta kwenye mbao kama kwato za punda aliyekataa.

"Hairudi," alisema, akihema.

"Hairudi. Baiskeli zenu zote za kawaida zinarudi nyuma mkizisukuma. Hii peke yake, katika mlima huu wote, haijui kurudi nyuma, hivyo ndivyo ilivyoundwa. Ninapokanyaga nyuma inakwenda mbele. Ninapokanyaga mbele inakwenda mbele. Sijawahi hata siku moja kufika kwenye nyumba ya mtu hapa kinyumenyume. Nyie ndio mliokuwa mnatazama miguu."

Wanaume walianza kuitikia kwa vichwa, maana mashine wanazijua. Kisha Bibi Sidonie aliinuka nyuma ya chumba.

"Gurudumu halina macho," alisema. "Mimba inaona miguu. Na miguu yako, mwanangu, inarudi nyuma."

Kicheko kilipasuka, na pamoja nacho kile alichokuwa amekijenga Benoîte kikabomoka. Alingoja kicheko kiishe.

"Sawa," alisema. "Siwezi kushindana na hilo. Basi sikilizeni, mkajadiliane. Mtoto akikaa vibaya, nitamgeuza kwa mikono, na akikataa kugeuka nitamtoa jinsi alivyokaa, kama nilivyomtoa wa Mélanie. Sitazunguka nyumba ya mtu yeyote. Na akikaa sawa nitapanda kwa baiskeli vilevile, nikanyage nyuma, nifike kwa dakika thelathini na tano. Atakayeniita nitakwenda, mnilipe, msinilipe. Na siku mkiniambia nipande kwa miguu, mje mniambie mbele ya mume wa Jeanne Vialleton. Yule pale, dirishani."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Vialleton. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake. Mjumbe mmoja alisema huu ni utovu wa adabu. Mwingine alisema ipigwe kura, apewe wa bondeni, yaishe. Mikono ilianza kuinuka, na Benoîte aliihesabu akiwa wima: mitatu, minne. Wajumbe walikuwa tisa.

"Shusheni mikono!" alisema Sidonie. "Wa bondeni aliniambia mkwe wangu yuko sawa, kumbe mtoto amekaa kama bwana kwenye kiti. Huyo atie mguu nyumbani kwangu? Afe kwanza farasi wake." Alimnyooshea Benoîte kidole kilichopinda kwa miaka ya nyuzi. "Wewe una mikono, hilo nimeliona kwa macho yangu. Una kichwa cha nyumbu pia. Basi panda unavyotaka. Wewe hutabadilika, na sisi hatutabadilika. Sisi tutafunga madirisha."

"Madirisha?" alisema Meya.

"Madirisha yana mbao za kufunga, au hayana? Akipiga kengele pale kona ya chini, kila nyumba yenye mimba inafunga mbao. Akishapita, tunafungua. Mimba haijaona kitu."

Meya alimtazama Benoîte kwa woga. Benoîte aliinua mabega.

"Madirisha ni yenu," alisema. "Barabara ni yangu."

Kura zilikuwa sita kwa tatu: abaki.

Rosalie alishikwa na uchungu wiki ya tatu ya mwezi wa kwanza, asubuhi yenye jua kali juu ya theluji ngumu. Marcellin alishuka mbio kumwita. Benoîte hakumngoja amalize kusema. Alikanyaga mbele mpaka mwisho wa tambarare, na barabara ilipoanza kuinuka akageuza miguu. Pale kona ya chini alipiga kengele, kwa nguvu, kama gari la zimamoto. Juu yake mbao zilianza kufungwa, pa, pa, pa, nyumba kwa nyumba, hata kwenye nyumba ambazo mimba ya mwisho ilionekana miaka thelathini nyuma. Benoîte alipita katikati ya mbao zilizofungwa, mgongo wima, akiwaamkia kwa majina.

"Habari ya asubuhi, Mama Granjon!"

"Nzuri, Mama Faverjon!" ilijibu sauti kutoka gizani. "Umefika wapi?"

"Chini ya dirisha lako!"

"Haya, pita!"

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Sidonie. Mbao za chini zilikuwa zimefungwa, na za pembeni. Juu, dirisha la chumba cha kulala lilikuwa wazi kabisa, na Rosalie alikuwa amejiinamia hapo, shali mabegani, nywele zimemganda usoni, anahema kati ya uchungu mmoja na mwingine. Nyuma yake sauti ya Sidonie ilikuwa inapiga kelele afunge, afunge upesi, asijiletee laana.

"Niache, mama!" alisema Rosalie. "Nataka kumwona anavyokuja."

Alitazama miguu ya Benoîte ikirudi nyuma, raundi kwa raundi, mpaka mlangoni.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita, msichana, akatanguliza kichwa kama inavyotakiwa. Sidonie alimpokea kwenye taulo, akamtazama utosi, akamtazama vidole, akavuta pumzi ndefu.

"Mnaona kazi ya madirisha?" alisema.

"Langu lilikuwa wazi," alisema Rosalie kutoka kitandani.

Sidonie alianza kulikunja upya taulo la mtoto, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri. Benoîte alikuwa amewapa mgongo, anaosha mikono kwenye beseni, na hakugeuka mpaka alipoweza kukizuia kicheko.

"Bibi," alisema, "nipe huyo mtoto nimfunge kitovu. Mengine mtagombana nikishaondoka."